Kabla hujabadilisha wolpepa ya kompyuta yako, pita hapa kwanza

Fundi wa Usiku (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Juzi nimeletewa laptopu, mwenyewe analalamika skrini imeanza kufa, "inaweka ukungu". Nikaiwasha. Aikoni zote zimekaa safi, maandishi chini yake unayasoma hata ukiwa umesimama mlangoni. Ukungu uko kwenye wolpepa tu. Na wolpepa yenyewe ni picha ya mwanawe, mtoto wa miaka minne hivi, kavutwa kwa upana mpaka uso umekuwa boga na jino moja la mbele limezidi aikoni ya pipa la taka. Skrini haina kosa lolote. Picha ilipigwa kwa simu iliyosimama wima, ikapitia programu ya kutumiana ujumbe ambayo iliiminya, halafu ikatandazwa kwenye skrini iliyolala.

Kesi za namna hii nimezichoka kuzijibu moja moja, ndiyo maana nimefungua uzi.

(Mnisamehe naandika wolpepa. Najua kuna usuli, najua kuna mandharinyuma, lakini sijawahi kumsikia mteja akisema "fundi, mandharinyuma yangu yamegoma".)

Njia yenyewe naipitia mbio. Windows 10 na 11: bofya kulia sehemu tupu ya desktopu, chagua "Personalize", ingia "Background". Hapo unachagua picha moja, rangi tupu, picha za kupokezana, au Spotlight inayokuletea picha mpya kutoka mtandaoni. Fupi zaidi ni kwenda ilipo picha, kuibofya kulia na kuchagua "Set as desktop background". Mac: menyu ya tufaha, "System Settings", kisha "Wallpaper". Kama Mac yako haijafika toleo la Ventura la 2022, utaikuta kwenye "System Preferences", sehemu ya "Desktop & Screen Saver". Basi, hakuna cha ziada.

Shughuli iko kwenye ukubwa. Skrini ni vitone. Laptopu nyingi za kawaida zina 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080, zile za 4K zina 3840 kwa 2160. Chukua picha ya 800 kwa 600 uliyookota mtandaoni: ina vitone 480,000. Skrini ya 1920 kwa 1080 inadai 2,073,600. Hivyo vingine zaidi ya milioni moja na nusu vitatoka wapi? Kompyuta inabuni. Inaangalia kitone na jirani yake, inakadiria cha katikati. Ukungu unaouona ni hayo makadirio, na hakuna mpangilio wa kuubofya ukauondoa. Tafuta picha kubwa zaidi, au rudi kwa aliyekutumia umwombe akutumie upya kama waraka, si kama picha, ili isiminywe njiani.

Halafu umbo. Skrini nyingi ni 16 kwa 9. Picha ya simu kwa kawaida ni 4 kwa 3, tena mara nyingi imesimama. Haviingiliani, kwa hiyo lazima kitu kipotee, na wewe unachagua kipi kwenye ile orodha ya "Choose a fit". "Fill" inajaza skrini na kukata kinachozidi. "Fit" inaonyesha picha nzima, inaacha nafasi tupu pembeni. "Stretch" inavuta mpaka ienee, ndiyo iliyotengeneza boga. "Center" inaiweka katikati kwa ukubwa wake wa asili, "Tile" inairudiarudia kama vigae, "Span" ni ya wenye skrini mbili wanaotaka picha moja ipite zote. Mimi natumia "Fill", lakini picha naikata mwenyewe kwanza kwa 16 kwa 9. Ukimwachia "Fill" akate, atakata juu na chini, hajui kwamba juu ndiko kuliko na kichwa cha mtu.

Na jambo la mwisho, ambalo ni maoni yangu: picha nzuri ya kuning'iniza ukutani mara nyingi ni wolpepa mbaya. Ukutani hakuna kitu juu yake. Kwenye desktopu zitakaa aikoni. Windows inazipanga kuanzia kushoto juu, Mac inaanzia kulia. Kama una picha ya mtu, hakikisha mtu yuko upande wa pili wa aikoni zako, na nyuma ya aikoni kuwe na anga, ukuta, maji, kitu kilichotulia. La sivyo kila asubuhi unamtafuta shangazi nyuma ya folda.

Karibuni na maswali.

---

Bibi Kibodi

Mkuu asante. Mimi ukurasa wote wa "Personalize" umefifia, haubofyeki, juu wananiambia niwashe Windows. Nifanyeje?

---

Fundi wa Usiku

Bibi, hiyo ni Windows ambayo haijathibitishwa leseni. Wamefunga ukurasa wa mipangilio, lakini ile njia ya kubofya kulia juu ya picha yenyewe kwenye folda kwa kawaida inafanya kazi. Jaribu.

Ila wengine mtakuta umefifia na kuna maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi. Hiyo si hitilafu. Msimamizi wa kompyuta za kazini au chuoni ameweka sera ya kuzuia. Msiniulize jinsi ya kuipita, mwendeeni mwenyewe.

Na kama kuna mtu bado ana kale kalaptopu kadogo chenye Windows 7 Starter ya 2009: hilo toleo lilitolewa likiwa halina kabisa sehemu ya kubadilisha wolpepa. Hukukosea kitu, ndivyo lilivyouzwa.

---

Bibi Kibodi

Imekubali!!! Ubarikiwe mwanangu.

---

Kunguru Mweupe

Yangu ni nyeusi tii. Naweka picha, inaonekana pale juu kwenye kile kimfano kidogo, lakini desktopu nyeusi. Windows 10. Nimezima na kuwasha mara kumi.

---

Fundi wa Usiku

Kunguru, nenda "Settings", "Ease of Access", "Display". Kuna swichi imeandikwa "Show desktop background image". Naweka dau imezimwa. Watu huizima bila kujua wakiwa wanahangaika na ukubwa wa maandishi ukurasa huohuo. Kama imewashwa, angalia hapo jirani kama hujawasha "High contrast", nayo inafuta wolpepa.

---

Kunguru Mweupe

Swichi ilikuwa imezimwa. Naomba nisiseme nani aliizima, nyumbani tuko wawili na mmoja ni mimi.

---

Mzee wa Terminali

Mleta uzi umetuacha watu wa Linux kama kawaida. Naongeza moja tu, kwa sababu ilinila jioni nzima. Wenye GNOME (ile desktopu inayokuja na Linux nyingi), kuanzia toleo la 42 la 2022 kuna wolpepa MBILI: ya mwonekano mweupe na ya mwonekano mweusi. Kila moja ina ufunguo wake, yaani jina lake la mpangilio. Sasa wewe unatumia mwonekano mweusi, unaandika amri ya zamani ya kubadilisha picture-uri, inakubali bila kosa, na skrini haitikisiki. Umebadilisha ile usiyoiona! Andika hivi:

gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri-dark 'file:///home/jina/Pictures/picha.jpg'

Mikwaju mitatu baada ya file, usiweke miwili. Na njia iwe kamili kuanzia mwanzo, kile kialama cha mawimbi cha kufupisha folda yako hakitambuliki hapo.

Ukitumia dirisha la "Settings" badala ya amri, haya yote hayakuhusu. Lakini tutakuwa tumekuja kufanya nini duniani.

---

Fundi wa Usiku

Mzee shikamoo. Hiyo sikuijua, nimejifunza.

---

Mkimbizi wa Kelele

Mnapoteza muda. Wolpepa inakula RAM. Weka nyeusi, kompyuta iwe nyepesi, tumemaliza.

---

Fundi wa Usiku

Mkimbizi, tupige hesabu badala ya kubishana. Picha ikishafunguliwa ili ionyeshwe, kila kitone kinachukua baiti 4. 1920 mara 1080 mara 4 ni 8,294,400, tuseme megabaiti 8. Kwa skrini ya 4K ni 33,177,600, megabaiti 33. Hata kama faili lako la JPEG ni dogo la kilobaiti 300, likishatandazwa skrini nzima ni hizohizo. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 4, megabaiti 8 ni tone. Ukurasa mmoja wa mtandao ulioufungua na kuusahau unakula mara nyingi zaidi ya hapo.

Zinazokula kweli ni programu za wolpepa za video, kwa sababu zinachora upya skrini muda wote. Hizo ukiwa kwenye betri utaziona.

Na hoja ya nyeusi kuokoa umeme: ni kweli kwa skrini za OLED, maana kila kitone kinajiwakia, na cheusi kinazimwa. Skrini ya LCD ina taa nyuma ya kioo inayowaka vilevile hata picha iwe nyeusi kama masizi. Hapo utakuwa umejinyima tu.

---

Mkimbizi wa Kelele

Sawa ila mimi nyeusi naipenda.

---

Fundi wa Usiku

Hilo ni jibu tosha, ungeanza nalo.

---

Kapteni Pikseli

Naona mleta uzi kasema nyuma ya aikoni kuwe na kitu kilichotulia. Ndiyo siri ya ile ya Windows XP, kilima kijani na anga la bluu. Juu mawingu, chini nyasi, katikati hakuna kitu chochote kinachokuita. Unaweza kurundika aikoni popote.

Na kwa wanaodhani ilichorwa kwa kompyuta: ni picha halisi. Aliipiga Charles O'Rear, aliyewahi kuwa mpiga picha wa National Geographic, mwaka 1996 huko Sonoma, California, akiwa barabarani kwenda kumwona mpenzi wake. Kamera ni Mamiya RZ67, filamu ni Velvia ya Fuji, ndiyo maana ile kijani inapiga kelele. Kwa kawaida kilima kile kilikuwa shamba la mizabibu, lakini mizabibu ilikuwa imeng'olewa kwa sababu ya wadudu wa mizizi, nyasi zikapata nafasi. Wadudu wangechelewa miaka michache, tungekaa na wolpepa ya mistari ya zabibu. XP ikatoka 2001, na iliyobaki mnaijua.

Hata ile ya Windows 10, dirisha la bluu lenye mwanga, si mchoro wa kompyuta tu. Walitengeneza dirisha la kweli, wakapitisha moshi na miale ya leza, wakapiga picha.

---

Mzee wa Terminali

Kapteni, mnaanzia mbali hamjafika. Macintosh ya 1984 skrini yake ilikuwa 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe, hakuna kijivu. Ulichoruhusiwa kubadilisha ni kigae cha vitone 8 kwa 8, kinajirudia skrini nzima. Unabofya kitone kinakuwa cheusi, unabofya tena kinakuwa cheupe. Vitone 64, basi. Leo Mac hiyohiyo, tangu toleo la Mojave la 2018, inakupa faili moja lenye picha 16 za jangwa zinazobadilika kufuata jua.

---

Asiye na Haraka

Samahani wakuu kwa kuingilia. Mimi si mtaalamu. Nina laptopu ya Windows 10 na wolpepa yake ni picha ya marehemu baba. Niliiweka miaka sita iliyopita kutoka kwenye fleshi. Fleshi ilipotea. Simu iliyopiga picha haipo. Nimetafuta kompyuta nzima, faili la picha silioni, lakini pale kwenye skrini baba yupo. Nilikuwa naogopa hata kuuliza. Kompyuta imeanza kuwa nzito na kuna mtu ameniambia niifute nianze upya. Inawezekana kuitoa pale?

---

Fundi wa Usiku

Ndugu, pole sana. USIBADILISHE CHOCHOTE. Usiguse "Personalize", usijaribu picha nyingine hata kwa sekunde, na aliyekuambia ufute mwambie asubiri.

Habari njema: ukiweka wolpepa, Windows haitegemei faili lako. Inatengeneza nakala yake na kuificha. Ndiyo maana baba yupo ingawa fleshi haipo. Fanya hivi polepole:

Kwanza piga picha ya skrini na uihifadhi, kama bima tu. Halafu shika kitufe cha Windows pamoja na R. Kitafunguka kisanduku kidogo. Andika humo:

%AppData%\Microsoft\Windows\Themes

Bonyeza Enter. Utaona faili linaitwa TranscodedWallpaper. Halina herufi za mwisho, halina sura ya picha, linaonekana kama karatasi tupu. Ndilo hilo. LINAKILI, usilihamishe, ukalibandike kwenye folda nyingine, "Documents" kwa mfano. Ile nakala, si ile ya asili, ibadilishe jina iwe baba.jpg. Windows itakuuliza una uhakika, kubali. Kisha ifungue.

Kama umewahi kuunganisha skrini ya pili, unaweza kukuta na mengine ya Transcoded_000, Transcoded_001. Nakili yote.

---

Kapteni Pikseli

Niongeze tu asishtuke na ubora: Windows ikitengeneza hiyo nakala ya JPEG huiminya kwa ubora wa 85 kati ya 100, na kama picha ya asili ilikuwa kubwa sana huenda imepunguzwa. Lakini itakuwa safi kuliko picha ya skrini yenye aikoni juu yake.

(Kwa wengine mnaotaka wolpepa zisiminywe: kwenye rejista, lile ghala la mipangilio ya Windows, HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop, tengeneza thamani ya DWORD iitwayo JPEGImportQuality, weka 100 kwa desimali, toka kwenye akaunti urudi, kisha weka picha upya. Tofauti utaiona hasa kwenye anga, ile mistari ya ngazi-ngazi inapungua.)

---

Bibi Kibodi

Na mimi je niliyebadilisha tayari jana? Ya mwanzo nilikuwa naipenda.

---

Fundi wa Usiku

Bibi, ile nakala iliyofichwa ndiyo imeshafunikwa na mpya. Ila ukurasa wa "Background" unaonyesha picha tano za karibuni, bofya ya zamani. Ikikataa, ina maana faili lake limehama. Rejista inakumbuka lilikokuwa: HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Wallpapers, soma BackgroundHistoryPath0 mpaka 4. Inakupa njia ya faili, siyo faili. Usifute kitu humo, soma tu ufunge.

---

Kunguru Mweupe

Nami nachomekea: za kwangu za kupokezana zimegoma kupokezana nikiwa nje ya umeme.

---

Fundi wa Usiku

Ni makusudi. Kwenye betri Windows husimamisha picha za kupokezana. Ukurasa huohuo wa "Background" una swichi ya kuziruhusu. Na kama folda ya picha iko kwenye fleshi, ukiichomoa tu zimekwisha.

---

Mkimbizi wa Kelele

Wakati tunamsubiri ndugu yetu: mnakumbuka 2020 kuna picha moja ya ziwa ilikuwa ukiiweka wolpepa kwenye simu za Android 10, simu inazima na kuwaka bila kukoma? Nilidhani ni uzushi.

---

Kapteni Pikseli

Haikuwa uzushi. Ziwa Saint Mary, hifadhi ya Glacier huko Marekani. Picha haikuwa na kirusi chochote. Ilihifadhiwa kwa mfumo wa rangi mpana kuliko wa kawaida, na simu ikipiga hesabu ya mwangaza wa kitone kimoja ikapata namba iliyozidi 255, ambayo ndiyo ya juu kabisa iliyotarajiwa. Ikaanguka. Ikiwaka inakutana na picha ileile, inaanguka tena. Kwa hiyo ukihariri picha zako ihifadhi kwa sRGB, ule mfumo wa rangi wa kawaida, huna cha kupoteza.

---

Asiye na Haraka

Wakuu nimerudi na mrejesho. Samahani nimechelewa, mikono ilikuwa inatetemeka nikaandika ile njia vibaya mara tatu.

Lipo. Nilikuta lile moja tu, kama ulivyosema, karatasi tupu. Nimelinakili, nimelibadilisha jina, nimefungua. Ni baba. Imekuja 1600 kwa 1200, haina ukungu.

Kuna kitu nataka kuwaambia. Aikoni zangu zimekaa kushoto tangu siku ya kwanza, sikuwahi kuzigusa. Miaka sita nimekuwa nikimwona baba uso na bega moja. Kwenye hii picha mkono wake wa upande ule unaonekana. Ameshika miwani yake, ameibana kwa vidole viwili kwenye kijiti, vile alivyokuwa akiishika akitaka kusema jambo refu. Nilikuwa nimesahau kabisa.

---

Mzee wa Terminali

Nimeondoka kwenye kiti kidogo. Nimerudi.

---

Fundi wa Usiku

Ndugu yangu, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Sasa kabla hujalala: nakala moja kwenye fleshi mpya, moja kwenye barua pepe yako mwenyewe kama kiambatisho, moja kwa ndugu mwingine. Ukimtumia kwa programu ya ujumbe, tuma kama waraka. Kufuta kompyuta kuje baadaye.

Na aikoni: bofya kulia desktopu, "View", ondoa tiki kwenye "Auto arrange icons". Kisha ziburute zote uzipeleke kulia.

---

Asiye na Haraka

Nimeziburuta. Zilikuwa kumi na nne. Tisa sikuzijua hata ni za nini.